Pengo la darasani: Yale ambayo shule za Busia zimetufundisha

Mfanyabiashara anayepita Busia mara kwa mara anaujua mji huo kwa foleni ya malori, wabadilishaji fedha, baiskeli za mizigo na kituo cha pamoja cha mpakani ambacho marais wa Kenya na Uganda walikizindua Februari 2018. Wachache wanajua kwamba shule za vijijini kuuzunguka mji huo, upande wa Kenya, zimechunguzwa kwa miaka mingi kuhusu swali linalomgusa kila mzazi. Watoto wawili wanaanza darasa la kwanza siku moja, katika chumba kimoja, kwa mwalimu mmoja. Baada ya miaka mitatu mmoja anasoma gazeti, mwenzake hawezi kusoma sentensi. Nini kilitokea katikati?

Mwaka 2019, Michael Kremer, aliyewahi kuishi na kufundisha magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1980, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Sehemu ya kazi iliyowapa tuzo hiyo ilifanyika katika shule za Busia, Teso na wilaya za jirani. Kwa hiyo majibu mengi kuhusu pengo la darasani hayakuletwa kutoka mbali. Yalipatikana kwa watoto wa wakulima na wachuuzi wa eneo hili hili, na inafaa yawarudie wenyewe.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wanaoishi kwa biashara ya mpakani. Mama anayetoka alfajiri kwenda kununua dagaa au mitumba ng'ambo, akarudi usiku, hana nafasi ya kukagua daftari. Wengine huwaacha watoto kwa bibi muda wote wa muhula. Wengine huhama nao biashara inapohama, na mtoto hubadilisha shule, mtaala na lugha ya kufundishiwa. Watoto wa namna hii ndio ambao mara nyingi hujikuta kwenye dawati la nyuma.

Viti vilijaa kabla ya masomo

Kwa miaka 20 na zaidi, serikali za ukanda huu zimefanya kazi kubwa ya kuwaingiza watoto shuleni. Uganda ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1997. Tanzania ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kenya na Rwanda mwaka 2003, Burundi mwaka 2005, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2019. Mamilioni ya watoto ambao wazazi wao hawakuweza kulipa wakapata nafasi.

Madarasa yalijaa. Mwalimu aliyekuwa na watoto 40 akawa na 80 au zaidi, na ndani ya kundi hilo moja wamo waliopitia chekechea, waliofundishwa kusoma nyumbani, na wale ambao siku ya kwanza ya shule ndiyo siku ya kwanza kushika penseli.

Mwaka 2009 ulianzishwa mpango wa Uwezo nchini Kenya, Tanzania na Uganda. Wazo lake lilitoka India, ambako shirika la Pratham lilianza kuwapima watoto nyumba kwa nyumba mwaka 2005. Watu wa kujitolea kutoka vijiji husika walibisha hodi na kuwapa watoto jaribio la kiwango cha darasa la pili: kutambua herufi, kusoma maneno, kusoma aya fupi, kusoma hadithi, na hesabu ndogo. Ripoti ya Afrika Mashariki ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba kati ya watoto wa darasa la tatu, chini ya theluthi moja ndio waliokuwa wameuweza ujuzi wa msingi wa darasa la pili katika kusoma na kuhesabu.

Mtoto anaweza kuwa na sare, kuhudhuria kila siku na kupanda darasa kila Januari, huku akibeba deni la masomo ya miaka iliyopita. Deni hilo huongezeka, kwa sababu mwalimu wa darasa la nne anafundisha ya darasa la nne. Asiyejua kusoma hafuati somo la sayansi, wala historia, wala swali la hesabu lililoandikwa kwa maneno.

Vitabu vilivyowafaa wa mbele

Jibu la kwanza ambalo wengi wetu tungelitoa ni vitabu. Hilo ndilo lililojaribiwa Busia na Teso kuanzia mwaka 1996. Kati ya shule 100, shule 25 zilitangulia kupewa vitabu vya kiada vya serikali, kisha matokeo ya wanafunzi wake yakalinganishwa na ya shule nyingine.

Kwa wastani, alama hazikupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Kwa maana nyingine, vitabu vilimsukuma mbele aliyekuwa mbele, na wa nyuma akabaki alipokuwa.

Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa kijijini ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya mama na Kiswahili. Pia vilifuata mtaala uliokwenda kwa kasi ya mtoto mwenye kila kitu. Kwa mtoto asiyeweza kukisoma, kitabu kipya na kitabu chakavu ni sawasawa.

Jaribio jingine katika Busia hiyo hiyo lilihusu dawa za minyoo. Kuanzia mwaka 1998, shule 75 ziliingizwa kwa zamu katika mpango wa kuwatibu wanafunzi. Watafiti waliripoti kwamba utoro ulipungua kwa robo, kwa gharama ndogo sana, na mwaka 2009 Kenya ikaanzisha mpango wa kitaifa wa dawa hizo shuleni. Hata hivyo, utafiti huo wa awali haukuona alama za mitihani zikipanda. Mtoto alifika darasani mara nyingi zaidi, jambo ambalo ni jema, lakini alichokikuta darasani kilikuwa kile kile.

Mwalimu mmoja zaidi, na namna ya kugawa darasa

Mwaka 2005, miaka miwili baada ya Kenya kufuta ada, jaribio jingine lilifanyika magharibi mwa nchi. Shule 121 zilizokuwa na mkondo mmoja wa darasa la kwanza zilipewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja wa mkataba. Darasa lenye watoto zaidi ya 80 likagawanywa mara mbili.

Kwa kura, karibu nusu ya shule hizo ziliwagawa watoto bila kuangalia alama. Nusu nyingine ziliwagawa kwa alama za awali: waliokuwa juu darasa moja, waliokuwa chini darasa jingine. Baada ya miezi 18, shule zilizogawa kwa kiwango cha ujuzi zilikuwa na matokeo bora, na faida ilionekana kwa makundi yote mawili. Watoto wa kundi la chini, ambao ungedhani wangedhoofika kwa kutengwa na wenzao hodari, nao walipanda.

Waliofanya utafiti huo walieleza kwamba mwalimu akiwa na watoto wa kiwango kinachokaribiana anaweza kuanzia pale walipo. Anapokuwa na mchanganyiko mpana, mtaala na mitihani humvuta aelekee kwa wale wa mbele, kwa sababu ndio watakaoipa shule jina. Kenya imefanya mtihani wa KCPE kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini mazoea ya kuipima shule kwa wanafunzi wake bora hayaondoki kwa siku moja. Uganda na Tanzania nako magazeti hutafuta shule zilizoongoza kila matokeo yanapotoka. Si rahisi kusikia shule ikisifiwa kwa kuwa mtoto wake wa mwisho anajua kusoma.

Fedha peke yake hazikutosha

Tanzania nayo ina somo lake. Mwaka 2013 na 2014, mpango wa KiuFunza ulioendeshwa na shirika la Twaweza ulifanyika katika shule 350 za wilaya 10. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 za Tanzania kwa kila mwanafunzi. Nyingine hazikupewa ruzuku, ila walimu waliahidiwa bonasi ya shilingi 5,000 kwa kila mtoto wa madarasa ya awali atakayefaulu jaribio la somo husika: Kiswahili, Kiingereza au hesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili.

Ruzuku pekee haikuinua ujifunzaji. Matokeo mazuri zaidi yalitoka kule ambako vifaa na motisha vilikwenda pamoja. Mfanyabiashara ataelewa jambo hili bila kuelezwa mara mbili: mtaji usio na msimamizi anayejali mauzo huisha na duka hubaki lilivyokuwa.

Kenya ilijifunza jambo la karibu na hilo ilipojaribu kuupeleka mpango wa walimu wa mkataba katika mikoa yote minane ya wakati huo. Shule 192 zilihusishwa. Pale ambapo shirika lisilo la kiserikali liliendesha mpango, alama zilipanda. Pale ambapo ulisimamiwa na serikali, hazikupanda kabisa, ingawa mkataba ulikuwa wa aina ile ile. Kwa hiyo anayedai kwamba dawa ya pengo ni kuajiri tu, au kununua tu, anazungumzia nusu ya jambo. Nusu nyingine ni nani anafuatilia kama mtoto anajifunza.

Mpaka unapoongeza pengo

Kwa familia za wafanyabiashara kuna mzigo wa ziada ambao shule nyingi haziuhesabu. Tanzania hufundisha shule za msingi za umma kwa Kiswahili. Uganda hutumia lugha za maeneo kwa madarasa matatu ya kwanza vijijini, kisha huingia Kiingereza. Kenya huanza na lugha ya eneo kisha Kiingereza, huku Kiswahili kikiwa somo. Rwanda iliamua mwaka 2019 kutumia Kiingereza tangu madarasa ya chini. Burundi huanza na Kirundi, na mashariki ya Kongo watoto hukutana na Kiswahili mwanzoni na Kifaransa baadaye.

Chukua mfano wa mtoto aliyesoma hadi darasa la tatu Mutukula upande wa Tanzania, kisha mama yake akahamishia genge lake upande wa Uganda. Huenda hesabu anazijua vizuri, lakini swali likiandikwa kwa Kiingereza hulielewi. Shule mpya itaona alama ya chini na kumhesabu kuwa mzito. Hakuna aliyempima kujua kama tatizo ni hesabu au ni lugha. Hali kama hiyo inaweza kumkuta mtoto Sirari na Isebania, Namanga, Rusumo au Kobero.

Kisha ikaja korona. Tanzania ilifunga shule Machi 2020 na kuzifungua mwishoni mwa Juni mwaka huo huo. Kenya ilirudisha wanafunzi wote Januari 2021. Uganda, baada ya kufungua kwa awamu na kufunga tena, ilifungua kikamilifu Januari 10, 2022, karibu miaka miwili tangu shule zilipofungwa. Katika mji mmoja wa Busia, wenye soko linalotegemeana, watoto wa upande mmoja walirudi darasani mwaka mzima kabla ya majirani zao. Ndani ya kila nchi pia, mwenye redio, simu na mzazi aliyesoma hakupoteza sawa na mtoto aliyeshinda sokoni akiuza karanga. Watoto hao bado wako katika mfumo wa shule, na si wote waliofidiwa walichokosa.

Kupima, kupanga upya, kufundisha

Njia ambayo imeonyesha matokeo katika nchi nyingi haihitaji jengo jipya. Mwalimu hupima kila mtoto mmoja mmoja kwa dakika chache. Halafu kwa muda maalumu wa siku, mara nyingi saa moja, watoto wa darasa la tatu hadi la tano hupangwa kwa kile wanachoweza, si kwa umri wala darasa. Wasiojua herufi wanakaa pamoja na kucheza na herufi. Wanaosoma maneno wanasukumwa kuelekea sentensi. Baada ya wiki kadhaa wanapimwa tena, na aliyepanda anahamia kundi jingine. Saa hiyo ikiisha, kila mtoto anarudi darasani kwake.

Pratham iliikuza njia hii India. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Mumbai na Vadodara, wasichana wa mtaani waliosoma sekondari waliajiriwa kuwachukua watoto walio nyuma kwa saa mbili kwa siku, na alama zilipanda, zaidi kwa walio chini kabisa. Karibu nasi, ng'ambo ya Tunduma, serikali ya Zambia ilianza kwa majaribio mwaka 2016 mpango wake wa darasa la tatu hadi la tano na kuupanua, ukiendeshwa na walimu wa serikali kwa lugha za watoto wenyewe. Hilo linajibu wanaosema kazi hii inawezekana kwa mashirika tu.

Kenya iliuchukua mkondo mwingine kupitia mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia mwaka 2015: kila mtoto wa madarasa ya chini kitabu chake, mwalimu mwongozo wa somo la kila siku, na maofisa wanaomtembelea darasani kumsaidia. Tanzania mwaka huo huo ilipunguza masomo ya darasa la kwanza na la pili ili muda mwingi uende kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na watafiti waliofuatilia waliona matokeo ya Kiswahili na hesabu yakipanda. Mambo haya yanafanana katika jambo moja. Yanaanzia kwenye msingi, na yanahesabu kila mtoto.

Ipo hofu ya haki kuhusu kuwagawa watoto. Wengi tumewahi kuona mkondo wa "wajinga" ukipewa mwalimu aliyechoka na kusahauliwa hadi mtihani wa mwisho. Kundi la kudumu lenye jina baya humfunga mtoto. Ndiyo maana upangaji unaofaa ni wa muda mfupi wa siku, hubadilika kila baada ya kipimo, na kundi la chini hupewa mwalimu hodari. Shule isiyoweza kutimiza masharti hayo isiwagawe watoto.

Mzazi wa sokoni anaweza nini

Mzazi hahitaji kuwa na cheti ili kujua mtoto wake yuko wapi. Chukua kitabu cha darasa la pili, au hata aya fupi ya gazeti hili. Mwambie mtoto asome kwa sauti, kisha akueleze alichosoma. Akishindwa aya, mpe sentensi. Akishindwa sentensi, mpe maneno. Akishindwa maneno, herufi. Mpe hesabu ya dukani: mteja amenunua vitu viwili, ametoa noti, chenji ni ngapi? Mzazi asiyejua kusoma anaweza kumwomba jirani. Dakika tano zinatosha, na jibu lake mara nyingi litakuwa wazi kuliko nambari iliyo kwenye ripoti ya muhula.

Unapomhamisha mtoto kuvuka mpaka, usipeleke ripoti peke yake. Mweleze mwalimu alikuwa akifundishwa kwa lugha gani, na omba apimwe hesabu kwa lugha anayoijua kabla hajarudishwa darasa. Ikiwezekana, hama mwanzoni mwa mwaka wa masomo wa nchi unayoingia. Siku ya gulio nayo ina bei yake: mtoto anayebaki kusaidia kibandani siku moja kila wiki hukosa sehemu ya tano ya masomo yake, na mara nyingi ndiye aliyekuwa nyuma tayari.

Kwenye mkutano wa wazazi, maswali mengi huhusu chakula, michango na wastani wa mtihani. Liongezwe moja: katika darasa la tatu, ni watoto wangapi bado hawawezi kusoma aya, na wanapewa saa gani ya kufundishwa? Mwalimu mkuu anayelijua jibu tayari ameanza kazi. Asiyelijua atalitafuta akiulizwa mihula miwili mfululizo.

Vyama vya wafanyabiashara, vikoba na vikundi vya akiba huchangia shule mara kwa mara, na michango hiyo mara nyingi huenda kwenye lango, uzio au madawati, kwa kuwa huonekana. Kijana wa mtaani aliyemaliza sekondari, akipewa posho, mafunzo mafupi na saa moja kila jioni na watoto 15 wasiojua kusoma, haonekani barabarani. Lakini ushahidi wa magharibi mwa Kenya na wa India unaonyesha kwamba mtu wa namna hiyo, akisimamiwa vizuri, humfikia mtoto ambaye kitabu kipya hakikumfikia.

Serikali za Jumuiya zina kazi yao: kuwapa walimu muda rasmi kwenye ratiba, kupunguza watoto kwa mwalimu katika madarasa ya chini, na kukubaliana kipimo kimoja kifupi ambacho mtoto anayevuka mpaka anaweza kuja nacho, kama mzigo unavyovuka na cheti cha asili ya bidhaa. Soko la pamoja linazungumziwa kila siku kwa bidhaa. Watoto wanaokulia kwenye vibanda vya mpakani ndio watakaolirithi, na wengi wao wanahitaji kwanza kujua kusoma kilichoandikwa kwenye mkataba.